MAFUNDI VIJANA: Mashua Iliyokuwa Kiziwi

Juma hili naiacha kando ile habari ya pampu ya baiskeli niliyowaahidi, kwa kuwa nimepata barua isiyoweza kungoja. Imetoka kwa mwanafunzi mmoja wa upande wa Lwiro. Barua ni ndefu, kurasa nne nzima, kwa hiyo nitaisimulia kwa maneno yangu.

Yeye na mdogo wake walichonga mashua ndogo ya mti mwepesi, urefu wake kama mkono wa mtu mzima toka begani hata ncha za vidole. Mjomba wao aliwaletea toka Bukavu vyombo vya kuiongozea kwa mbali: kisanduku cha kushika mkononi, kipokezi kidogo cha kuwekwa ndani ya mashua, mota, betri, na kile kijimota cha kupindulia usukani ambacho mafundi hukiita sevo. Likizo nzima waliimaliza katika kazi hiyo. Jumamosi moja asubuhi na mapema wakateremka hata ukingoni mwa Ziwa Kivu, na nyuma yao kundi la watoto. Mashua ikaenda vizuri. Ikapinda kulia, ikapinda kushoto, watoto wakashangilia. Lakini ilipofika kama hatua arobaini toka ukingoni, ghafula ikawa kiziwi. Mota iliendelea kuzunguka, usukani ukakaa vile vile ulivyokuwa, nayo mashua ikajiendea zake ziwani. Yule mdogo akavua shati akaingia majini kuifuata, maji yakamfika kifuani. Bahati njema mvuvi mmoja aliyekuwa akirudi toka kazi ya usiku akampigia kelele arudi, kisha akaivuta mashua kwa mtumbwi wake.

Walipofungua kifuniko wakakuta kipokezi kimelala katika maji ya ngama. Baba yao alipopata habari akakusanya vyombo vyote, akavitia sandukuni, akafunga kwa kufuli. Siku tatu baadaye mjomba aliomba avijaribu mezani, na kumbe kipokezi, kiisha kukauka, kikafanya kazi kama kwanza. Basi mwanafunzi huyu ananiuliza mambo mawili: Je, kipokezi kilikuwa kibovu, au kosa ni letu? Na baba tumwambie nini?

Swali la pili ndilo kubwa, lakini siwezi kulijibu kabla ya la kwanza.

Sikilizeni vema ushuhuda wa barua, maana jibu limo humo. Kama maji yangaliua kipokezi mara moja, mota nayo ingalisimama, kwa sababu chombo kinachogawia mota umeme hungoja amri za kipokezi. Amri zikikatika kabisa, vyombo vingi vya namna hiyo huzima mota. Lakini mota haikusimama. Basi kipokezi kilikuwa bado hai, nacho kilikuwa kikirudia amri ya mwisho iliyokifikia: nenda mbele, usukani pale pale. Kilikuwa hai, ila hakikusikia. Na kwa nini hakikusikia? Ukurasa wa tatu wa barua wasema hivi, bila mwandishi kujua kwamba anajihukumu mwenyewe: ule waya mwembamba wa kipokezi waliukunja wakaulaza chini kabisa, kando ya mkuku, ili usiharibu uzuri wa sitaha. Hapo ndipo maji yalipokusanyika kwanza. Maji yaliufunika waya, na mashua ikawa kiziwi muda mrefu kabla kipokezi chenyewe hakijalowa. Kipokezi ni kizima, vijana wangu. Ninyi mlikiziba sikio.

Watu wengi hudhani kazi ni moja tu, kuzuia maji yasiingie katika kipokezi. La, kazi ni mbili, na hazifanani. Ya kwanza ni kukiweka mahali kinapoweza kusikia. Ya pili ni kukikinga na maji.

Jambo hili watu wa Lwiro wangepaswa kulifahamu kuliko wengine. Palepale penu, tangu kile chuo cha elimu ya sayansi kilichoitwa IRSAC kilipoanzishwa mwaka 1947, wataalamu wametega vyombo vya kusikiliza. Katika miaka ya 1950 waliweka mashini za kusikiliza mitetemeko ya nchi, na kazi hiyo haikukoma wakati jengo lilipokuwa la CRSN, kama liitwavyo leo. Mashini ya namna hiyo haiwekwi popote. Hutafutiwa mahali palipotulia, mbali na mitambo inayotikisika na magari yanayopita, tena pakavu, kwa maana unyevu hula nyaya. Kipokezi cha mashua yenu ni mdogo wake. Nacho chataka utulivu na ukavu.

Tena mchezo huu si wa jana. Mwaka 1898, mjini New York, katika jumba la Madison Square Garden, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo ya chuma ikielea katika dimbwi lililotengenezwa kwa ajili yake. Akaiamuru kwa mbali, bila uzi wala kamba, nayo ikatii, hata kuwasha na kuzima taa zake. Hati ya uvumbuzi aliyopewa, namba 613,809, ina tarehe ya 8 Novemba mwaka huo. Kipokezi chake kilikuwa kichupa chenye unga wa chuma: mawimbi yakifika, unga hushikana na kupitisha umeme, kisha sharti kichupa kipinduliwe ili unga uachane na kuwa tayari kusikia tena. Kazi ya taabu kweli! Lakini tazameni neno moja: waya wa kupokea aliusimamisha juu ya sitaha, wima kama mlingoti. Hakuukunja chini kwa ajili ya urembo.

Sasa tuseme habari ya mawimbi yenyewe. Vyombo vya zamani vya kuongozea mashua hutumia mawimbi ya megahezi 27 au 40. Wimbi la 27 lina urefu wa kadiri ya mita 11, na la 40 mita 7 na nusu. Kwa hiyo antena zao ni ndefu, waya mzima unaoning’inia. Tena watu wawili wakitumia njia moja, mmoja huiongoza mashua ya mwenziwe bila kutaka, na ugomvi huanza. Vyombo vinavyouzwa siku hizi karibu vyote hutumia gigahezi 2.4. Wimbi lake ni fupi mno, sentimita 12 na nusu tu, na kila kipokezi hufunganishwa na kisanduku chake kimoja, kisitii kingine. Ncha ya antena yake inayosikia ni ile ya mwisho iliyo wazi, kadiri ya sentimita 3. Sehemu iliyobaki, ile nene kidogo, ni njia tu ya kuifikia. Ncha hiyo msiikate, msiikunje, wala msiizungushie utepe wa bati.

Wimbi hilo fupi lina adui mmoja mkubwa, nayo ni maji. Hewani laenda mbali. Majini hufa ndani ya sentimita chache. Maji ya Ziwa Kivu ni mabaya zaidi kuliko ya mvua, kwa sababu yana chumvi za namna mbalimbali zilizotoka katika mawe ya volkano, kadiri ya gramu moja katika kila lita. Ulimi haujui sana, maana bahari ina gramu 35, lakini umeme wajua. Maji hayo hupitisha umeme mara nyingi kuliko maji ya mvua, kwa hiyo hula waya na viungo vya risasi upesi, na huwasha njia za umeme pasipotakiwa.

Basi antena isimame wima juu ya maji, juu kadiri iwezekanavyo. Chukueni neli nyembamba ya plastiki, kama ile ya kunywea soda, iziben juu kwa tone la gundi, ipitisheni katika tundu la sitaha, na ndani yake mtie antena toka chini. Mkitaka urembo, ipakeni rangi iwe kama mlingoti. Kipokezi chenyewe kikae juu, chini kidogo ya sitaha, kisiguse sakafu ya mashua. Kishikizeni kwa kipande cha sponji ili kisipokee mtikisiko wote. Kiwe mbali na mota na nyaya zake nene, kwa upana wa kiganja walau.

Mota za bei ndogo hutoa cheche ndani yake, na kila cheche ni kelele masikioni mwa kipokezi. Dawa yake ni kulehemu kapasita ndogo, namba yake 104, kati ya miguu miwili ya mota, na nyingine mbili toka kila mguu hata kwenye ganda la chuma. Zinapatikana katika redio iliyokufa. Mafundi wa simu na redio katika soko la Kadutu watawapa, nadhani, mkiomba kwa adabu.

Nyaya zinazoingia katika kipokezi msizivute kwa mnyoofu toka juu. Zishusheni kwanza zifanye tumbo, kisha zipande kuingia. Maji yakifuata waya yatadondoka pale kwenye tumbo. Ni jambo dogo, lakini nimeona limeokoa vyombo vingi kuliko gundi.

Naja kwenye kinga. Mimi mwenyewe nimezamisha vipokezi viwili kabla sijajua. Cha kwanza nilikifunga katika mfuko wa nailoni, nikazungushia mpira, nikajiona fundi. Mfuko ulikuwa na kitundu kidogo kama cha sindano palipopita nyaya. Maji yakaingia, yasiweze kutoka, na kipokezi kikakaa humo kama samaki katika chupa. Siku ile nilijifunza kwamba kinga mbovu ni mbaya kuliko kutokuwa na kinga, maana kipokezi kilicho wazi kikimwagikiwa hukauka, lakini kilichofungwa vibaya huoza.

Njia ya bei ndogo ni puto la watoto. Kitieni kipokezi ndani ya puto jipya kupitia mdomo wake, nyaya zote zitoke pamoja kwenye mdomo huo, mpake mafuta mazito ya silikoni kati ya waya na waya, kisha mfunge kwa uzi. Mdomo uelekee chini. Puto huchakaa, libadilisheni kila baada ya miezi michache.

Njia iliyo bora ni kisanduku cha plastiki chenye kifuniko cha kubana na ukanda wa mpira, kama vile vya kuwekea chakula. Toboeni tundu moja tu kwa nyaya, ubavuni karibu na juu, wala si chini. Tundu lizibwe kwa silikoni ya mafundi wa madirisha. Lakini hapa angalieni sana! Silikoni nyingi zinapokauka hutoa harufu ya siki. Harufu hiyo ni asidi kweli, nayo hula shaba. Kama imepakwa karibu na vyombo vya umeme, baada ya miezi utakuta viungo vimekuwa kijani. Nunueni ile isiyo na harufu ya siki. Na kama hamna ila ile, iacheni ikauke siku mbili tatu kisanduku kikiwa wazi na kitupu, ndipo mtie kipokezi.

Wengine hupaka vanishi ya umeme juu ya kibao chenyewe cha kipokezi. Ni kinga njema, hata wanaokosa vanishi hutumia rangi ya kucha isiyo na rangi, ingawa hiyo hubanduka upesi. Lakini fungueni ganda kwanza, safisheni kwa spiriti, pakeni nyembamba mara mbili, tena msiguse miguu ya kuchomekea nyaya wala kile kitufe cha kufunganishia. Vanishi ikiingia kwenye miguu hiyo haipitishi umeme, na mtaanza kulaumu duka. Miguu hiyo ipakeni mafuta mazito ya silikoni tu.

Kuna maji mengine yasiyotoka ziwani. Hayo hutoka hewani. Ukifunga kisanduku nyumbani penye joto na hewa nzito, kisha ukakishusha katika maji ya baridi, hewa ya ndani hutoa jasho, kama chupa ya soda iliyotolewa penye barafu. Huko kwenu Lwiro asubuhi kuna baridi, mwajua wenyewe. Tieni ndani kile kifuko kidogo cha chembechembe za kufyonza unyevu kinachopatikana katika sanduku la viatu vipya. Na mashua ikirudi nyumbani, vifuniko vyote vifunguliwe vilale wazi usiku kucha. Neno hili husahauliwa mno.

Sasa mtihani. Kabla kipokezi hakijaingia, tieni ndani ya kisanduku karatasi kavu ya choo na jiwe, fungeni, zamisheni katika ndoo ya maji muda wa saa moja. Mkifungua, karatasi itasema kweli. Ikiwa ina hata alama moja ya unyevu, msijidanganye kwamba mtaenda polepole ziwani.

Lakini kisanduku kizuri hakiponyi mashua inayovuja. Barua yenu haisemi maji yaliingia wapi, ila mimi nathubutu kukisia: yaliingia kwenye neli ya mhimili wa rafadha. Mhimili hupita katika neli toka ndani ya mashua hata nje majini, na kati yake na neli daima kuna nafasi. Dawa ni mbili. Neli ijazwe grisi, na kila safari iongezwe kidogo. Tena mwisho wake wa ndani uinuliwe uwe juu ya mstari wa maji, ili hata grisi ikiisha, maji yasipande kuingia. Neli ya usukani vivyo hivyo. Mbao zenyewe zitieni kalafati palipo na nyufa, kwa pamba na gundi ya maji mawili, halafu rangi ndani na nje. Wavuvi wenu wa sambaza wanajua kazi ya kuziba mitumbwi, kawaulizeni, hawatawacheka.

Jambo linalofuata ndilo lililonifanya niache habari ya pampu. Vyombo vya siku hizi vingi vina uangalizi fulani: ukiupanga vizuri, kipokezi kikiacha kusikia, hakirudii amri ya mwisho, bali husimamisha mota. Katika karatasi ya maelezo huitwa kwa neno la Kiingereza, failsafe. Vyenu havikupangwa hivyo, au vilipangwa vibaya, ndiyo maana mashua ilikwenda zake. Kuupanga si kazi ya dakika tano. Kwa kawaida huwekwa wakati wa kufunganisha kipokezi na kisanduku cha mkononi, kijiti cha mwendo kikiwa kimesimama katikati au chini kabisa. Lakini kila mtengenezaji ana njia yake, kwa hiyo fuateni karatasi. Jaribuni hivi: mashua iwe juu ya kigoda, rafadha haigusi kitu. Iendesheni polepole, kisha zimeni kisanduku cha mkononi. Rafadha ikisimama baada ya kitambo kidogo, vema. Ikiendelea kuzunguka, mashua hiyo haiendi majini. Na wakati mwingine wote kumbukeni utaratibu: washeni kwanza kisanduku cha mkononi, ndipo mashua, wakati wa kuzima, kwanza mashua.

Pimeni pia mbali yake. Mmoja asimame uwanjani akiwa na mashua chini, mwingine arudi nyuma akihesabu hatua huku akipindua usukani. Mkipata hatua mia mbili bila kosa, msiende ziwani zaidi ya hamsini. Antena iliyo karibu na uso wa maji husikia vibaya kuliko iliyo juu ya nchi kavu, kwa maana mawimbi yanayoruka toka majini huyapinga yale yanayokuja moja kwa moja. Aliyeshika kisanduku asimame juu ya jiwe, wala asielekeze ncha ya antena yake kwenye mashua kama mtu anyoshaye kidole. Mawimbi hutoka ubavuni mwa antena, si kwenye ncha.

Hata hivyo iko siku mashua itasimama mbali. Kila mwenye mashua atapatwa. Ndiyo sababu nasema yawekwe mambo haya kabla ya safari ya kwanza.

Ndani ya mashua, omo na tezi, jazeni povu gumu jeupe, lile linalofungia vyombo vipya katika sanduku. Lita moja ya povu hubeba karibu kilo moja. Ikiwa betri, mota na vyombo vingine vyote vina uzito wa nusu kilo, nusu lita ya povu yatosha na kubaki, kwa kuwa mti wenyewe huelea. Mashua itajaa maji, lakini haitazama.

Chagueni upande wa ziwa ambapo upepo unawajia usoni. Alfajiri hewa ya baridi huteremka toka milimani kwenda ziwani, na ndiyo iliyowachukulia mashua yenu. Jua likishapanda, upepo hugeuka ukavuma toka ziwani kuja nchi kavu. Mashua iliyosimama wakati huo itarudishwa na upepo bila mtu kulowa. Tena chukueni mpira mdogo wa kuchezea uliofungwa kwa uzi mrefu wa kuvulia. Mkiutupa mbele ya mashua na kuuvuta, uzi huikamata.

Na safari tatu za kwanza mashua iende imefungwa uzi huo. Najua, vijana hawapendi. Tesla hakufunga uzi, watasema. Tesla alikuwa na dimbwi ndani ya jumba.

Hapo naja kwako, Baba wa vijana hawa, kama ukurasa huu umekufikia. Ulifanya vema kufunga sanduku. Ziwa hilo kina chake kikubwa kabisa kinakaribia mita mia tano, na mahali pengi ukingo hutelemka ghafula, hatua moja kifuani, hatua ya pili hakuna ardhi. Mtoto aliyevua shati hakuwa anafikiri mambo hayo. Alikuwa anaona jasho la likizo yake likienda. Kumpiga marufuku mashua kutamwepusha na ziwa mwaka huu. Lakini mimi ningependa ufikirie jambo jingine. Wape ufunguo kwa masharti, tena uyaandike: Hakuna atakayeingia majini kuifuata mashua, hata ikiwa karibu, hata akijua kuogelea. Hawaendi bila mtu mzima. Wakionyeshe kisanduku kilichokaa saa moja ndooni na karatasi yake kavu, na rafadha inayosimama yenyewe. Mambo hayo mawili unaweza kuyahukumu kwa macho yako bila kujua lolote la redio. Yakikosekana, kufuli libaki.

Na shauri moja la betri, Bwana, kwa maana barua haisemi ni ya namna gani. Ikiwa ni ile laini bapa ya lithiamu, na ililowa katika maji ya ziwa, au imevimba hata kidogo, isitiwe umeme tena, wala isiwekwe nyumbani walalamo watoto. Betri hizo zikiharibika huweza kuwaka moto wenyewe, na moto wake ni mkali. Iweke nje, ndani ya chungu cha mchanga, umwulize fundi anayezijua. Kwa wanaoanza napenda zaidi zile za mviringo za nikeli zinazotiwa umeme tena. Nzito kidogo, lakini ni za upole.

Kwa wasomaji wengine ambao chombo chao kimekwisha lowa: ondoeni betri mara moja, kabla hata ya kupangusa. Msijaribu kama kingali kizima! Hapo ndipo vingi hufia. Fungueni ganda, kisha kisuuzeni kibao kwa maji safi ya mvua. Ndiyo, maji tena. Maana chumvi za ziwa zikikauka pale zitakula shaba polepole. Kisha kisuuzeni kwa spiriti safi, mbali na moto, mkianike kivulini penye upepo siku mbili. Wako wanaokizika katika mchele. Mchele haufanyi kazi kuliko upepo, tena huacha vumbi lake ndani. Upikeni mchele, mle. Kipokezi cha Lwiro kilikauka bila kusuuzwa, kwa hiyo ingawa kinafanya kazi leo, ningekifungua na kukisafisha kabla ya kukiamini.

Sijui kama nimemtosheleza mwandishi wangu. Mdogo wake aliongeza mstari mmoja chini ya barua, kwa kalamu ya risasi, akiuliza kama inawezekana kutengeneza mashua iendayo chini ya maji, wakatumia kipokezi kile kile. Kwa kile chenu cha gigahezi 2.4, haiwezekani, ikizama kiganja kimoja tu imekuwa kiziwi. Wenye manowari ndogo za kuchezea hutumia vyombo vya zamani vya megahezi 27 au 40, ambavyo mawimbi yao marefu hushuka kidogo katika maji matamu. Katika maji ya Kivu, yenye chumvi zake, hayatashuka sana: kwa megahezi 40, kila mita moja ya maji huacha sehemu ndogo mno ya nguvu iliyoingia, pungufu ya moja kwa mia. Ajaribu kwanza katika pipa la maji ya mvua.